KUFELI AU KUKOSA NAFASI? TAREKHE YA MTIHANI WA DARASA LA SABA

Ndugu zangu, tangu Serikali ilipozindua pale Dodoma, mwanzoni mwa 2025, toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, kuna swali limenifuata msikitini, sokoni na hata msibani. "Shekhe, la saba inaondolewa. Mtoto atapita tu kwenda sekondari bila mchujo. Sasa watasoma kweli hawa?" Anayeuliza mara nyingi ni mzazi mwenye nia njema kabisa. Sera inasema elimu ya lazima itakuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini, na katikati hapo hakuna mlango wa kumrudisha mtoto nyumbani. Mzazi anaogopa kwamba mlango ukiondolewa, na bidii itaondoka.

Swali hili lina historia ndefu, na wengi wetu tunalijibu bila kuijua. Kaa kitako tusome.

Tuanze na neno lenyewe. "Mtihani" tumelitoa katika Kiarabu, imtihani, na wajuzi wa lugha wanalirudisha kwenye kusafisha fedha kwa moto ili madini yabaki na takataka zitoke. Ndiyo maana tunayo sura nzima inayoitwa al-Mumtahana, na katika Suratul Hujuraat, aya ya 3, Mwenyezi Mungu anawataja watu ambao nyoyo zao amezitahini kwa ajili ya ucha Mungu. Mzizi huohuo ndio uliozaa neno mihna, ile balaa iliyoanza mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun alipowalazimisha maulamaa wajibu swali moja kuhusu Qur'ani, kwa jibu moja tu analolitaka yeye, na Imamu Ahmad bin Hanbal akafungwa na baadaye akapigwa mijeledi kwa kukataa. Swali moja kwa wote, jibu moja sahihi, na anayekosea anaadhibiwa. Hilo tuliache, lina somo lake. Ninachotaka ukishike ni kwamba katika lugha tuliyoazima, kumtahini mtu ni kutaka kujua ndani yake mna nini.

Sasa twende Baghdad, mwaka 931. Khalifa ni al-Muqtadir. Mtu mmoja wa kawaida amekufa kwa kosa la tabibu, na habari imemfikia Khalifa. Akamwamuru muhtasib, yaani msimamizi wa mambo ya soko na kazi za watu, kwamba kuanzia siku ile asitibu mtu yeyote isipokuwa aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit na kupewa hati. Sinan alikuwa mkuu wa matabibu wa mji, mtoto wa Thabit bin Qurra mwanahisabati. Vitabu vya tarekhe za matabibu vinasema waliotahiniwa pande zote mbili za mto walifika mia nane na sitini na kitu, mbali na wale waliosamehewa kwa sababu ujuzi wao ulikwishajulikana, na wale waliokuwa wakimhudumia mtawala.

Katika kazi hiyo kuna kisa kimoja nakipenda sana. Aliingia mzee mmoja, mavazi mazuri, haiba ya mtu mkubwa. Sinan akamheshimu, akamkalisha, akawa anamgeukia kila baada ya muda huku akiwatahini wengine. Watu walipokwisha akamwambia: sasa nasi tungependa kusikia jambo la elimu kutoka kwako shekhe, na utuambie ulisoma kwa nani. Mzee akatoa kwenye mkono wa kanzu karatasi yenye dinari, akaiweka mbele ya Sinan, akasema wazi kwamba hajui vizuri kuandika wala kusoma, hajasoma kitabu chochote, lakini ana watoto na riziki yake ni hii, basi asimkatie. Sinan akacheka. Akamwambia, nakuachia kwa sharti: usimvamie mgonjwa kwa jambo usilolijua, wala usiamuru mtu aumikwe au anyweshwe dawa ya kuharisha ila kwa maradhi mepesi. Mzee akajibu kwamba hiyo ndiyo njia yake maisha yote, hajawahi kuvuka siki ya asali na sharubati ya waridi. Kesho yake akaja kijana nadhifu. Sinan akamuuliza, umesoma kwa nani? Kwa baba yangu. Baba yako nani? Yule mzee wa jana. Sinan akasema, mzee mwema yule, nawe unafuata njia yake? Ndiyo. Basi usiivuke.

Kuna watakaosema Sinan alilegeza, na kwangu hilo lina uzito, kwa sababu tabibu asiyejua kusoma ni hatari. Lakini angalia kitu kingine. Hati ile ilikuwa inasema kila mmoja anaruhusiwa kufanya nini, huyu anaweza hili, yule anaweza lile. Hakuna aliyemwambia Sinan kwamba Baghdad ina nafasi za matabibu hamsini tu, kwa hiyo kati ya hawa mia nane awachague hamsini na waliobaki wote waitwe waliofeli. Mia nane wangejua kazi, mia nane wangepewa hati. Mtihani wa Sinan uliuliza: unajua, au hujui?

Mtihani wa la saba uliuliza jambo jingine. Shika tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo mada yetu.

Wakati wa Mwingereza, mtoto wa Kiafrika alisoma darasa la kwanza mpaka la nne, kisha akakutana na mtihani. Wengi waliishia hapo, kwa sababu shule za kati zilikuwa chache. Waliopita walikwenda mpaka la nane, wakakutana na mtihani mwingine, na huko tena wengi wakabaki. Wale wachache wa mwisho walifanya mtihani wa Cambridge uliotungwa ng'ambo. Ukiutazama kwa mbali unaona umbo la faneli, mdomo mpana juu na tundu dogo chini. Mwingereza hakutaka makarani elfu kumi. Alitaka idadi fulani, na mtihani ulikuwa kazi yake kuifikia idadi hiyo.

Hapa lazima nimtendee haki anayeutetea mtihani, maana ana hoja, tena nzito. Kabla ya mtihani mtoto alichaguliwaje? Shule ya Tabora katika miaka ya 1920 ilikusudiwa watoto wa machifu. Ulizaliwa nyumba gani, hilo ndilo lililokuwa swali. Shule nyingine nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi wa Kiislamu wa pwani au wa Ujiji alikuwa anapima: nimpeleke mtoto akasome, au nimlindie dini yake? Baada ya uhuru ubaguzi wa rangi mashuleni ulifutwa kisheria, na mwaka 1969 Serikali ikazitaifisha shule hizo. Kuanzia hapo mtoto wa mvuvi wa Kilwa na mtoto wa mkurugenzi wa Dar es Salaam wakakaa kwenye karatasi moja. Karatasi ina namba, na namba haina ukoo. Ukiondoa karatasi, anasema mtetezi, utabaki na nini? Simu za wakubwa. Bahasha. "Huyu mtoto wa fulani." Mtu aliyeishi nchi hii hawezi kulicheka jambo hilo.

Mwalimu Nyerere naye hakusema mitihani ifutwe. Alichosema mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea ni kwamba tumeipa heshima isiyo yake. Inapima uwezo wa mtoto kukumbuka mambo na kuyaandika kwa muda uliowekwa, lakini tabia yake na moyo wake wa kutumikia watu haiujui kabisa. Akatoa na hesabu: katika wanaomaliza msingi, takriban 13 kati ya 100 tu ndio watakaopata sekondari. Akauliza, hao wengine 87 tunawafundisha kama kwamba wote wanakwenda sekondari, kisha tunawarudisha kijijini wakijiona wameanguka? Alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe chumba cha kusubiria.

Mwaka 1971 tukajitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki, na kwa Sheria Na. 21 ya 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Hilo lilisema uzito wa mtihani wa mwisho upungue, kazi za mwanafunzi za kila siku na mwenendo wake navyo vihesabiwe, na lilisema pia watoto wote wa umri wa shule waandikishwe ifikapo 1977.

Hayo yote ni mazuri. Kwa nini basi mchujo ulizidi kuwa mkali?

Kwa sababu ya hesabu tu, ndugu yangu. Watoto wa msingi walikuwa takriban milioni 1.2 mwaka 1974, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakapita milioni 3. Huku chini faneli ikapanuliwa kwa kishindo. Kule juu sekondari za Serikali ziliachwa zilivyo, kwa makusudi, kwa sababu mipango ilisema nchi inahitaji wataalamu kadhaa tu na fedha nyingine iende kwenye msingi. Waliochaguliwa hawakufika hata kumi katika mia. Na zile nafasi chache ziligawanywa kwa mgawo wa mikoa ili mikoa iliyotangulia isizichukue zote, jambo ambalo mimi naliona lilikuwa la haki. Lakini maana yake ni nini? Maana yake alama zilizompitisha mtoto mkoa huu zilimwacha mwenzake mkoa ule. Alama zilezile. Mmoja "amefaulu", mwingine "amefeli". Unaona sasa kwamba karatasi haikuwa inapima wanajua nini peke yake. Ilikuwa inagawa viti.

Mimi ni wa kizazi hicho. Darasani kwetu tulikuwa arobaini na kitu, wakachaguliwa wawili, nami sikuwamo. Nilikwenda sekondari kwa sababu marehemu mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikubali kulipa ada ya shule isiyokuwa ya Serikali. Baada ya hapo hakuna mtu aliyeniita tena niliyefeli. Ada ilifuta kufeli kwangu! Lakini mwenzangu mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa akinielekeza hesabu za sehemu jioni chini ya mwembe, hakuwa na mjomba. Leo ni fundi cherehani, ana mafundi wanne chini yake, anakata suti kwa kukutazama tu bila futi. Ukimwomba awe mwekahazina wa msikiti anajibu, "Aa shekhe, mimi la saba tu." Miaka arobaini sasa. Nani alimwambia hajui hesabu? Hakuna. Aliambiwa hakuna kiti, akasikia kwamba hana akili.

Sikiliza lugha yetu. "Kafeli la saba." "Huyo la saba." Tumelifanya kuwa tusi, mpaka mbunge anatukanwa nalo. Wakati ule barua ya mkoa ilikuwa na majina ya waliochaguliwa, neno la heshima kabisa, waliochaguliwa. Lakini kwenye baraza zetu sisi, asiyechaguliwa tulimwita aliyefeli. Lugha hiyo hatukuletewa na Serikali, tuliitengeneza wenyewe.

Halafu viti vikaongezeka. Mwaka 2002 ada ya msingi ilikuwa imeondolewa chini ya mpango wa MMEM, mwaka 2004 ukaja MMES wa sekondari, na kuanzia 2006 shule za kata zikajengwa karibu kila mahali, wananchi wakichangia mchanga na matofali. Je, watoto wa 2007 walizaliwa na akili kuliko watoto wa 1984? Tundu la faneli lilipanuka, basi. Asilimia ya kwenda sekondari ikapanda, na "kufeli" kukapungua kwa kazi ya saruji.

Lakini hapa sasa nageukia upande wa pili, kwa yule anayeshangilia tu kwamba mtihani uondoke. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba kati ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walikuwamo zaidi ya elfu tano wasiojua kusoma na kuandika sawasawa. Walifika vipi? Wamefanya mtihani, wana namba, wana alama, wamepita. Ina maana mtihani ule, kwa kuzoea kugawa viti, ulikuwa umesahau kazi ya Sinan. Viti vilipokuwa vichache haikuonekana. Viti vilipojaa, ikaonekana kwamba hatukuwa tukijua mtoto anajua nini.

Na Februari 2013 ndipo nchi ilipolia. Yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, zaidi ya watoto laki mbili. Wazazi wa shule za kata mnakumbuka. Waziri Mkuu akaunda tume. Mwezi Mei Serikali ikayafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa madaraja uliokuwa ukitumika zamani, kwa kuwa mwaka ule ulitumika utaratibu mpya. Yakapangwa. Maelfu waliokuwa na sifuri wakawa wamefaulu. Karatasi zilezile, mwandiko uleule, majibu yaleyale, na mtoto ambaye Februari alijifungia ndani, Mei akaambiwa toka umefaulu. Sisemi tume ilikosea, wala sisemi wa mwanzo walikosea. Nasema mstari wa kufeli unachorwa na watu, kwa kalamu, na unaweza kusogezwa. Mwaka 2014 tukahamia wastani wa alama kwa mtindo wa GPA, na haikupita miaka miwili tukarudi kwenye madaraja. Kalamu tena.

Kuna jingine dogo, nalipitia haraka. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Walionuna zaidi, kwa nilivyoona, ni wenye shule zinazolipiwa, kwa kuwa lile lilikuwa tangazo la bure. Mabango barabarani yenye picha za watoto, makambi ya kukariri mpaka saa sita usiku, shule nyingine zinamhamisha mtoto dhaifu kabla ya mtihani ili asishushe wastani. Mtoto ni amana. Kumtoa darasani kwa sababu atachafua bango, hilo sina neno la upole kwalo. Wenzetu Kenya nao walikuwa na bishano hilihili, na mtihani wao wa darasa la nane, KCPE, ulioanza 1985, waliufanya kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Sasa nikujibu, mzazi uliyeniuliza. La saba ikiondoka kama mchujo, mchujo haujafa. Umehamia kidato cha nne. Mwaka 2024 karibu 81 katika kila mia ya watahiniwa wa la saba walifaulu, kwa hiyo kwa sehemu kubwa mlango ule ulikwishafunguka kabla ya sera kuandikwa. Viti vichache leo viko kidato cha tano na vyuoni. Huko ndiko mtoto wako atakakokutana na faneli, akiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba badala ya kumi na tatu. Kwangu hiyo ni nafuu, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi na tatu ni mdogo mno kubebeshwa hukumu ya maisha. Lakini ni nafuu kwa sharti kwamba atakapofika huko awe anajua kusoma.

Na hilo atalijua nani, kama hakuna mtihani wa kutisha katikati? Mwalimu wake, na wewe. Chuoni kwetu mtoto hahami juzuu kwa kuwa mwaka umekwisha. Anakaa mbele ya mwalimu, anasoma, mwalimu anasikiliza. Akikosea harufi anarudishwa kwenye harufi ile, wala haambiwi amekuwa wa arobaini na tatu. Kesho anarudi. Najua darasa la shule lina watoto themanini au mia na mwalimu mmoja, hawezi kumsikiliza kila mmoja hivyo, na usimlaumu mwalimu wa Serikali kwa jambo ambalo hata mimi singeliweza. Lakini wewe nyumbani unao wangapi? Watatu, wanne? Mchukue wa darasa la tatu leo baada ya Magharibi, mpe gazeti au kitabu chochote ambacho hajakizoea, mwambie asome aya moja kisha akueleze imesema nini. Usimpe kitabu chake cha darasani, hicho huenda amekikariri. Mpe na hesabu ya dukani: ana shilingi elfu tano, amenunua sukari na chumvi, chenji kiasi gani? Dakika kumi tu, nawe utajua kitu ambacho ripoti ya shule yenye "nafasi ya 12 kati ya 94" haijakuambia.

Ukikuta hasomi, nenda shuleni kabla muhula haujaisha. Nenda kwa adabu, usiende kugomba. Muulize mwalimu jambo moja tu: mwanangu anakwama wapi? Akikuambia "ni wa themanini", mwombe tena kwa upole, wapi hasa? Kwenye silabi? Kwenye kuelewa? Kwenye Kiingereza? Mwalimu mzuri atafurahi umeuliza.

Na wale wa rika langu, mnaoitwa la saba mpaka leo, Jumamosi baada ya Alasiri tunafanya uchaguzi wa kamati ya msikiti wetu. Nafasi ya mwekahazina iko wazi, na safari hii sitapokea jibu lile kutoka kwa fundi.

Wiki ijayo inshaallah tutaendelea na habari za ijaza: vipi wanafunzi wa zamani walivyopewa ruhusa ya kusomesha kitabu, na kwa nini hati ile ilitaja jina la mwalimu kabla ya jina la chuo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.